Kitabu cha Madoa

Daktari alifungua kitabu cha madoa,
akasema: soma namba.
Mimi niliona choroko zimemwagika mkekani.
"Na hapa?"
Choroko tena.
Akaandika mstari mmoja, kalamu haikusita,
na rubani aliyekaa ndani yangu tangu darasa la tatu
akashuka ngazi bila mzigo.

Ningejua mapema. Kwetu Kangagani, msimu wa karafuu,
wenzangu walipanda, mimi nikaachwa chini na makonyo:
"Faki huyu, mbichi na iliyowiva kwake ndugu moja."
Wakacheka. Nikacheka nao.
Sikujua kicheko kile kilikuwa cheti.

Miaka miwili, ndege ya saa nne ikipita kwenda Unguja,
niliinamisha shingo kama kuku aliyeona mwewe.
Mjomba Mbwana akanitafutia kibarua Wete,
ofisi ya ustawi wa jamii:
kufunga mafaili kwa uzi, kupiga muhuri,
kumpelekea Bi Raya chai isiyo sukari.
Nikasema, mwezi mmoja tu, nipate nauli.

Nauli ya wapi, hakuna aliyeniuliza.

Ikaja siku ya kuandikisha wazee wa pensheni.
Skulini, kwenye madawati ya watoto,
wazee magoti juu, bakora zimelazwa sakafuni.
Bi Time binti Hamad akaweka kidole kwenye mashine.
Mashine ikalia.
Kidole cha pili. Ikalia.
Vyote kumi, mlio ule ule.
"Vidole vyangu vimeliwa na makumbi, baba,"
akasema, kama ananiomba radhi mimi.
Miaka hamsini ya kuponda makumbi na kusokota kamba,
kamba zimefunga ng'ombe wa watu,
zimewamba vitanda vya maharusi wa watu,
na kwake hazikubakisha hata mkunjo mmoja
wa kusema: huyu ndiye.
Fundi hakuinua macho. "Mfumo haumtambui. Anayefuata."

Wanasema taa iliwaka nyekundu.
Mimi rangi sikuiona.
Nilimwona yeye anaficha mikono chini ya kanga,
na nikaisikia, sijui ilitokea wapi,
kalamu ya daktari.

Sikufanya la ajabu.
Nilivuta dawati, nikakaa, nikamuuliza habari zake.
Mwaka wa kuzaliwa haujui; anaijua mvua
iliyochukua daraja na mbuzi wa babake.
Nikaiandika mvua. Nikamwandika mbuzi.
Nikamtafuta Mtambwe shoga yake aliyeiona mvua ile,
haoni tena, lakini anakumbuka hata rangi ya mbuzi.
Mara tatu kwa sheha, mara moja mahakamani kwa kiapo,
kandambili zikakatikia Ole, nikaenda pekupeku
nikijitukana: wewe, kibarua wa uzi, umetumwa na nani?

Wiki ya tisa pesa zikatoka.
Akazihesabu, akazihesabu tena, akafunga fundo.
Hakunishukuru sana. Aliniuliza kama nimekula.

Bi Raya akaniwekea fomu ya chuo juu ya meza.
"Utaijaza, au niifungie vitumbua?"
Nilikaa nayo siku nne.
Usiku wa tano nilimwota rubani,
amekaa barazani kwetu, kofia pajani, mnyonge,
ananisogezea kalamu.

Nisidanganye: bado inauma.
Mwaka wa tano huu, na mafaili mengine yananishinda,
na kuna mlango Kiuyu nilichelewa kuufikia
siku mbili tu.
Siku mbili hizo sizisemi.

Ndege ya saa nne bado hupita.
Jana ilinikuta uani kwa mtu,
viatu mkononi, faili kwapani,
ndani kuna mtu anapumua, haitikii.
Sikuinamisha shingo wala sikuiinua.
Niliingoja ipite na kelele zake,
ili hodi yangu ya tatu
isikike.